Aliyefia Wodini Hayumo Kitabuni

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, na moto ukalipuka wakiwa bado wamelizunguka lori. Siku hiyo hiyo taifa liliambiwa kwamba waliokufa walikuwa takriban 60. Majeruhi mahututi walipelekwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na tangu hapo idadi haikutulia. Kila baada ya siku chache ilitangazwa mpya, kubwa kuliko iliyotangulia. Wiki chache baadaye ilikuwa imepita 100.

Naikumbuka hesabu hiyo kwa sababu ilifuatiliwa hadi wodini. Aliyekata roho Muhimbili alirudishwa kwenye ajali iliyomuua, hata kama tangu siku ya moto hadi siku ya kifo chake zilikuwa zimepita wiki nzima au zaidi. Viongozi wa nchi walikuwa wakitazama, na waandishi wa habari walikuwa wamepiga kambi hospitalini, kwa hiyo ilikuwa vigumu marehemu kupotea kati ya Morogoro na Dar es Salaam.

Ajali zetu za kila siku hazitazamwi hivyo. Tuseme mama mmoja anagongwa na pikipiki usiku akivuka barabara Mbagala. Askari wa usalama barabarani anafika na kuandika "majeruhi mmoja". Mama anapelekwa hospitali ya Temeke, kutoka Temeke anahamishiwa Muhimbili, na siku ya 11 anafariki kwa damu iliyovilia kwenye ubongo. Ndugu wanachukua mwili na kuusafirisha kwenda kuzika Kilwa. Ni nani sasa anayerudi kituoni kumwambia askari afute neno majeruhi na aandike marehemu? Kukiwa na kesi mahakamani, mpelelezi atafuatilia, maana shitaka linabadilika. Lakini kama mwenye pikipiki alitokomea gizani, mama huyo atabaki majeruhi katika kumbukumbu za nchi yake.

Ninachotaka kusema ni hiki: kumbukumbu zetu za ajali zimejengwa ili kumpata mkosaji, na kazi hiyo zinaifanya kwa kiasi chake. Kazi ya kuhesabu walioumia na waliokufa hazikutengenezewa, na hazitaiweza hata tukiwapa askari kompyuta mpya kila kituo. Nusu ya pili ya hesabu iko hospitalini, na mpaka hospitali ihesabu kama polisi wanavyohesabu, kisha hesabu hizo mbili zikutanishwe, tutaendelea kupanga usalama wa barabara zetu kwa kubahatisha.

Takwimu za polisi zenyewe zinatoa ushahidi. Kwa mwaka 2024 Jeshi la Polisi Tanzania lilitangaza ajali za barabarani zaidi ya 1,700, vifo zaidi ya 1,700 na majeruhi takriban 2,700. Zisome taratibu. Wastani ni karibu kifo kimoja kwa kila ajali, na kwa kila aliyekufa hawafiki majeruhi wawili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani duniani kila mwaka, na kwamba wanaojeruhiwa ni kati ya milioni 20 na milioni 50. Hata tukishika makadirio ya chini kabisa, kila kifo kimoja kinabeba majeruhi wasiopungua 16. Ama ajali za Tanzania zinaua kuliko wastani wa dunia kwa mbali, ama majeruhi wetu hawaandikwi. Yeyote aliyewahi kupita kwenye wodi za mifupa, zile ambazo katika miji mingi wananchi wamezibandika jina la wodi za bodaboda, anajua jibu.

Ajali isiyoua haiingii kitabuni kwa sababu nyingi, na karibu zote zinaeleweka. Bodaboda wawili wanagongana Tandale. Mmoja hana leseni, mwingine bima yake imekwisha. Kumwita trafiki ni kujitakia faini au kupoteza pikipiki kwa wiki kadhaa, ikikaa kituoni jua na mvua vikiiharibu. Basi wanayamaliza palepale: huyu anatoa pesa ya matibabu, yule anakubali, na aliyevunjika mfupa anapakiwa kwenye bajaji kwenda zahanati. Bima nayo haina sababu ya kuuliza, kwa kuwa hakuna anayedai fidia. Ajali hiyo imetokea mchana kweupe mbele ya watu kadhaa, lakini kwa serikali haijatokea.

Vifo vinafichika kwa njia nyingine. Katika ripoti yake ya mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani liliweka takwimu za nchi na makadirio yake ubavu kwa ubavu. Kwa mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256, na makadirio yalikuwa 16,252. Kenya iliripoti 2,965, makadirio 13,463. Uganda 3,503, makadirio 12,036. Viongozi wetu waliposikia namba hizo walikunja uso, na kusema kweli walikuwa na haki ya kuuliza zimetoka wapi. Hazikutokana na mtu kuhesabu maiti. Nchi ambayo haina usajili wa vifo unaotosha hukadiriwa kwa kanuni ya kitakwimu inayotazama mambo kama pato la nchi, idadi ya magari na hali ya huduma za afya. Ni kisio lililofanywa kwa uangalifu, lakini ni kisio. Mimi sitaapa kwamba ni 16,252. Ninachosema ni kwamba nchi inayokataa kukisiwa na wengine haina budi kujihesabu yenyewe, na hatujafanya hivyo.

Turudi kwa askari na fomu yake. Hapa Tanzania anajaza fomu ya PF90, anachora mchoro wa ajali, anapima alama za breki, anaandika namba za magari na majina ya mashahidi. Anafanya hayo akiwaza mahakama. Mahakama inataka kujua nani alikosea, kwa hiyo sehemu ya chanzo cha ajali inaishia kwenye maneno yale yale: mwendokasi, uzembe wa dereva, kulipita gari jingine bila tahadhari, uzembe wa mtembea kwa miguu. Sisemi ni uongo. Lakini mhandisi wa wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, akiisoma fomu hiyo hapati cha kufanya. Anataka kujua kama taa za barabarani zilikuwa zinawaka, kama palikuwa na njia ya waenda kwa miguu au watu walitembea juu ya lami, kivuko kiko umbali gani, na kama bega la barabara lilikuwa limemomonyoka. Mtoto aliyekimbia kuvuka njia nne kwa sababu shule iko upande wa pili na kivuko hakuna ataandikwa kuwa alivuka bila uangalifu, na kwa maandishi hayo barabara inaonekana haina kosa.

Mahali pa ajali napo panaandikwa kwa namna isiyosaidia. "Ajali imetokea Kitonga." Kitonga ni mlima wenye kona baada ya kona. Ni kona ipi? Wanaopanda au wanaoshuka? "Eneo la Kimara" ni kilomita kadhaa za barabara ya Morogoro. Barabara kuu zetu zina mawe ya kilomita, na siku hizi askari wengi wana simu inayojua iko wapi kwa tofauti ya hatua chache. Namba mbili za ramani zikiandikwa kwenye kila fomu, baada ya miaka mitatu ungeweza kutandaza ramani ya Tanzania mezani na kuona kwa macho mahali watu wanapofia, bila kungoja mbunge asimame bungeni kulilia jimbo lake. Katika marekebisho yote ninayoyataja humu, hili ndilo rahisi kuliko yote, na sioni sababu ya kulisubiri.

Sasa hospitali. Watu wengi wanadhani kwamba daktari akishamtibu majeruhi wa ajali, kumbukumbu za afya zinajua kwamba ilikuwa ajali ya barabarani. Mara nyingi hazijui. Daktari anaandika anachokitibu: kuvunjika paja, kupasuka wengu, damu kwenye ubongo. Hayo ndiyo majeraha. Kilichoyaleta ni jambo la pili, na katika orodha ya kimataifa ya magonjwa kina herufi zake peke yake. Kwenye toleo la kumi la orodha hiyo, ajali za usafiri ziko chini ya herufi V, kuanzia V01 hadi V99. Humo unaweza kutofautisha mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari dogo, mwendesha pikipiki aliyegongana na lori, na abiria wa basi lililopinduka. Ni utajiri mkubwa wa taarifa. Lakini daktari wa zamu saa 9 usiku, mwenye wagonjwa sita mbele yake, akiandika "kuumia kichwa" peke yake, marehemu wa barabarani anachanganyika na aliyeanguka kutoka kwenye mwembe na aliyepigwa na wezi. Kumbukumbu zinajua amekufa kwa kichwa, hazijui nini kilimpata kichwani.

Na huyo walau alifika hospitali. Aliyefia njiani akiwa nyuma ya gari la kubeba mchanga, akazikwa kijijini siku iliyofuata, huenda asisajiliwe popote. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, imefanya kazi kubwa ya kusogeza usajili karibu na wananchi, hasa wa vizazi. Cheti cha kifo bado watu wanakitafuta pale tu panapokuwa na mirathi, pensheni au akaunti ya benki. Mtoto wa miaka saba aliyegongwa akitoka shule hana mirathi.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, kwa sababu Watanzania tunacho chombo ambacho tumekilaani kwa miaka mingi bila kuona thamani yake. Ni PF3. Kila mtu anaijua: fomu ya polisi ambayo majeruhi huombwa aipeleke hospitali, daktari ajaze kilichoonekana mwilini, kisha irudi kituoni iwe ushahidi. Tumeilaani kwa haki. Wako watu waliovuja damu kwenye benchi huku ndugu yao akitafuta fomu, na mara kwa mara viongozi wa serikali wamelazimika kukumbusha kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, karatasi ifuate. Hilo halina mjadala. Hata hivyo, tazama fomu hiyo inafanya nini. Inatoka polisi, inaingia hospitali, inarudi polisi. Ni karatasi chache nchini zinazofunga safari hiyo. Imebeba namba ya jalada, na imemgusa askari, daktari na majeruhi.

Kwa hiyo daraja kati ya orodha ya polisi na ya hospitali lipo tayari. Tatizo ni kwamba linabebwa mkononi na mgonjwa, linavuka watu wenye kesi peke yao, na likisharudi kituoni linafungwa ndani ya jalada lisionekane tena. Tufanye kinyume. Hospitali itoe matibabu, kisha iandike namba ya ajali kwenye faili la mgonjwa ikiwa ipo. Ikiwa haipo, ifungue namba ya kwake na kuituma. Mgonjwa akiruhusiwa, akihamishwa au akifariki, namba hiyo ipelekwe pamoja na neno moja tu la matokeo. Hospitali nyingi za serikali sasa zinatunza kumbukumbu kwenye kompyuta, na vitabu vya taarifa za afya vya MTUHA vimewazoesha wahudumu wetu kujaza safu na kutuma jumla kila mwezi. Kuongeza safu ya chanzo cha jeraha ni mzigo, sikatai. Ni mzigo mdogo kuliko ule wa kumfunga mtu miguu yote miwili kwenye plasta.

Ipo hatari ambayo lazima izibwe tangu mwanzo. Yule bodaboda asiye na leseni akijua kwamba kwenda hospitali ni kujisalimisha polisi, atabaki nyumbani kwa mganga wa kuunga mifupa, na tutakuwa tumeharibu matibabu na hesabu kwa pamoja. Hospitali isitume ushahidi wa kosa. Itume tarehe, mahali, umri, jinsia, aina ya chombo na matokeo. Majina yabaki kwa daktari. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hapa ndipo inapopaswa kufanya kazi.

Jirani zetu walishaonyesha kwamba jambo hili linawezekana kwa vifaa vya kawaida kabisa. Katika miaka ya 1990 pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari bingwa wa upasuaji Olive Kobusingye na wenzake walianzisha rejesta ya majeruhi kwa fomu ya ukurasa mmoja. Walitambua kwamba vipimo vya ukali wa majeraha vilivyotumika Ulaya na Marekani vinataka mashine na muda ambavyo hospitali ya Afrika Mashariki haina, wakatunga chao, kinachojulikana kwa jina la mji huo. Kinatazama umri wa mgonjwa, idadi ya majeraha makubwa, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, na kama mgonjwa yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu au haitikii kabisa. Muuguzi anakimaliza kwa muda mfupi sana. Kimepimwa na kutumika katika nchi kadhaa. Kwa kipimo kama hicho, neno "majeruhi" linaacha kuwa moja kwa aliyechubuka goti na kwa aliyekatika uti wa mgongo, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu nchi inayojua ina majeruhi wangapi wa uti wa mgongo kwa mwaka ndiyo inayojua inahitaji viti vya magurudumu vingapi.

Mtu anaweza kusema: tungoje mpaka orodha zote ziwe kamili ndipo tuzilinganishe. Hapana. Wataalamu wa takwimu wana njia ya kutumia orodha mbili mbovu kukadiria wasioonekana na yeyote. Chukua namba za mfano. Polisi wa wilaya wana orodha ya marehemu 60 kwa mwaka. Hospitali ina yake ya 50. Ukilinganisha umri, tarehe na mahali, unakuta 30 wamo kote kuwili. Maana yake, kati ya marehemu 50 ambao hospitali inawajua, polisi waliwaona 30, yaani asilimia 60. Kama uwezo wa polisi wa kuona ni huo huo kwa wote, basi 60 walionao ni asilimia 60 ya jumla yote, na jumla ni 100. Orodha hizo mbili zikiunganishwa zina watu 80. 20 hawakuandikwa popote. Hesabu ni ya darasa la saba. Sharti lake gumu ni kwamba orodha zisitegemeane, na za kwetu zinategemeana kiasi kutokana na PF3, jambo linalofanya jumla itoke ndogo kuliko ukweli. Kwa hiyo hata ikikosea, kwa kawaida haituongezei maiti.

Njia hiyo ilitumika Karachi, Pakistan, na watafiti Junaid Razzak na Stephen Luby, ambao mwaka 1998 walichapisha matokeo ya kulinganisha kumbukumbu za polisi na za magari ya wagonjwa. Waligundua kwamba kumbukumbu rasmi zilikuwa zimenasa asilimia 56 ya vifo, na asilimia 4 tu ya majeruhi walioumia vibaya. Nne kati ya mia. Sidai kwamba Dar es Salaam ni Karachi. Nadai kwamba hatujui kama ni afadhali, na kwamba zoezi lile lingeweza kufanywa kwa mwaka mmoja na chuo kikuu chetu chochote cha tiba kikipewa ruhusa ya kufungua madaftari ya polisi wa mkoa mmoja.

Lipo pia suala la siku 30 baada ya ajali, nalo nitalipitia haraka kwa kuwa halina utata. Kipimo cha kimataifa ni kwamba aliyekufa ndani ya siku 30 tangu ajali ahesabiwe kuwa ameuawa na ajali hiyo. Wataalamu waliotazama nchi zinazohesabu vizuri walikuta kwamba ukihesabu waliokufa papo hapo au ndani ya saa 24 peke yao, inabidi uongeze takriban asilimia 30 ili upate idadi ya kweli. Kwetu, ambako gari la wagonjwa ni nadra na hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi iko mbali, nyongeza hiyo inaweza kuwa tofauti. Hatutaijua bila kumfuatilia mgonjwa.

Na kwa wale wanaofia vijijini, tuna uzoefu wa nyumbani kabisa. Watafiti wa afya walianza kuhesabu kaya moja moja Ifakara mwaka 1996 na Rufiji mwaka 1998. Mhesabuji akirudi na kukuta mtu amefariki, anakaa na wafiwa na kuwauliza kwa utaratibu maalumu: aliugua nini, aliumia wapi, ilikuwaje. Kwa magonjwa mengi njia hiyo ina mashaka, kwa sababu homa ya malaria na homa nyingine hufanana machoni pa ndugu. Kwa ajali mashaka yanapungua sana. Hakuna mjane asiyejua kwamba mumewe aligongwa na lori.

Faida ya kuhesabu hivi imeshaonekana jijini. Shirika la Amend, linaloshughulika na usalama wa watoto barabarani, lilipotaka kujua watoto wangapi wanagongwa karibu na shule za msingi za Dar es Salaam, halikutegemea vitabu vya kituo. Lilituma watu kubisha hodi nyumba kwa nyumba kuzunguka shule na kuuliza wazazi. Kisha zikajengwa njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko na vizuizi vya kuzuia magari kupanda pembeni, na mahali pengine geti la shule likahamishwa kutoka barabara kubwa. Baadaye wakabisha hodi tena, kwenye maeneo yaliyojengewa na yasiyojengewa. Majeruhi walikuwa wamepungua kwa takriban robo. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, ikiwa ya kwanza kuipata. Nalisisitiza hili kwa anayeuliza hesabu inaokoa nani. Bila kuuliza kwanza kaya kwa kaya, baadaye wasingeweza kumthibitishia yeyote kwamba tuta na kivuko vinapunguza majeruhi. 

Kuna kikwazo ambacho si cha kitaalamu, na naona ndicho kizito kuliko vyote. Kumbukumbu zikiboreshwa, namba zitapanda. Mwaka wa kwanza ambao hospitali zitaanza kutuma taarifa, majeruhi wanaweza kuongezeka mara tano bila ajali hata moja kuongezeka. Kamanda wa mkoa atakayekuwa mkweli zaidi ataonekana ameshindwa kuliko mwenzake aliyeacha kuandika. Tumezoea kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani kusikia kwamba ajali zimepungua kwa asilimia kadhaa, tunapiga makofi. Pongezi hizo zinamfundisha askari wa chini kwamba ajali ambayo haijaandikwa ni ajali iliyozuiwa. Sitamlaumu askari. Nawalaumu wanaompima kwa kipimo hicho. Kama vifo vilivyoripotiwa vimeshuka kutoka 3,256 mwaka 2016 hadi 1,700 na kitu mwaka 2024, huku pikipiki zikiwa zimejaa hadi kwenye vijiji ambavyo zamani vilikuwa na baiskeli tu, basi ama tumefanya jambo la ajabu ambalo dunia inapaswa kuja kujifunza, ama kitabu kimepungua kurasa. Serikali inayojiamini ingetaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Sweden, nchi inayosifiwa kuliko nyingine kwa usalama wa barabara, mwaka 1997 bunge lake lilipitisha azimio kwamba lengo la mwisho ni kutokuwa na kifo hata kimoja barabarani. Miaka michache baadaye ilikuwa na mfumo mmoja wa kitaifa unaopokea taarifa za polisi upande mmoja na za hospitali upande wa pili. Hawakuona aibu kukuta kwamba hospitali zilikuwa na majeruhi wengi ambao polisi hawakuwajua, hasa waendesha baiskeli walioanguka peke yao. Waliwaongeza kwenye hesabu na kuendelea na kazi.

Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kupunguza vifo na majeruhi wa barabarani kwa nusu ifikapo 2030, na nchi zetu zimeunga mkono. Nusu ya ngapi? Kama ni nusu ya 3,256, Tanzania tayari iko karibu kufika na tunaweza kupumzika. Kama ni nusu ya 16,252, hatujui hata tuko wapi. Waziri anayeomba fedha za njia za waenda kwa miguu anajibiwa kulingana na namba gani iko mezani, na kwa miaka yote hii imewekwa ile ndogo.

Msomaji una sehemu yako pia. Ndugu yako akilazwa kwa ajali, muulize daktari au muuguzi kilichoandikwa kwenye faili. Kama ni "kuvunjika mguu" peke yake, omba waongeze alivyoumia: alikuwa akitembea, amepakiwa au akiendesha, aligongwa na nini, barabara gani. Ni maneno kumi. Una haki ya kuyaomba.

Na kwa Wizara ya Mambo ya Ndani, Wizara ya Afya na Baraza la Taifa la Usalama Barabarani, ombi ni moja. Taarifa ya mwaka ijayo itolewe ikiwa na safu mbili, waliofia barabarani na waliofia hospitalini ndani ya siku 30, kwa kila mkoa, pamoja na majina ya barabara na namba za kilomita. Kama nchi nzima haiwezekani mara moja, ianze Morogoro, Pwani na Dar es Salaam, mikoa mitatu inayopitiwa na barabara moja. Namba zikitoka kubwa, zitangazwe hivyo hivyo, na kamanda aliyezileta asiitwe kujieleza.